"Sijambo, ila...": Kumsikia Rafiki Aliyechoka na Maisha

Kila ifikapo tarehe 10 Septemba dunia huadhimisha Siku ya Kuzuia Kujiua, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Chama cha Kimataifa cha Kuzuia Kujiua kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani. Huenda msomaji akashangaa kulikuta jambo hili katika jarida la idara ya Kiswahili, ambalo kwa kawaida hushughulika na ngeli, mofimu na uhakiki wa riwaya. Atasema hili ni la madaktari na washauri nasaha. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya jambo hili ni ya lugha. Kijana aliyechoka na maisha husema kabla ya kutenda. Husema kwa rafiki yake, husema katika insha, husema katika utani wa njiani, na aghalabu maneno yake hupita masikioni mwetu sisi walimu wa lugha na mwa wanafunzi wetu kabla hayajafika kwa daktari yeyote.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu 720,000 hufa kila mwaka kwa kujiua. Miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 29, hiyo ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Karibu robo tatu ya vifo vyote hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa hiyo anayedhani haya ni matatizo ya Ulaya na Marekani afikiri upya. Mwezi Januari 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitangaza kwamba visa vya kujiua na vya kujaribu kujiua miongoni mwa wakimbizi nchini Uganda, ambao wengi wao ni watu wa kwetu Sudan Kusini, viliongezeka zaidi ya maradufu katika mwaka 2019. Nayo ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2016 ilieleza kwamba nchi yetu nzima ilikuwa na madaktari wawili tu wa magonjwa ya akili. Mtu akizitazama takwimu hizi mbili pamoja ataona kwa nini rafiki wa darasani ana kazi kubwa hapa kuliko alivyo nayo mahali penye daktari kila wilaya.

Nikiandika haya nawafikiria vijana wa Lemon Gaba, mtaa ninaokaa hapa Juba. (Kwa wasiojua, gaba ni msitu au pori katika Kiarabu cha Juba. Malimau siku hizi huyapata sokoni.) Baadhi yao walizaliwa au walikulia Kakuma, kambi iliyofunguliwa Kenya mwaka 1992, au walikimbilia Bidi Bidi, Uganda, baada ya mapigano ya Julai 2016. Wamerudi na Kiswahili. Nyumbani wanazungumza Kibari, Kidinka, Kinuer au Kizande, mtaani Kiarabu cha Juba, darasani Kiingereza. Lakini nimewaona wakitaka kuambiana jambo la ndani, hugeukia Kiswahili, kwa sababu wazazi wengi hawakisikii. Mama yuko hatua tatu tu, anapepeta unga, na mwanawe anamwambia mwenzake kwamba hataki kuishi. Mama anasikia sauti tu. Anayeelewa ni yule mwenzake wa miaka kumi na sita.

Salamu inayofunga mlango

Kiswahili kina salamu ya ajabu. "Hujambo?" Jibu lake ni "Sijambo". Tukiipasua kama tunavyowafundisha wa mwaka wa kwanza, wengi huieleza kuwa ni kufupishwa kwa "huna jambo" na "sina jambo". Maana yake ni kwamba jibu limekwisha kutolewa kabla mtu hajajitazama moyoni. "Habari?" ni "Nzuri". "Mambo?" ni "Poa". Hata aliyefiwa usiku, ukimwamkia asubuhi, atakujibu "nzuri" kwanza, ndipo aongeze: "ila tumepata msiba."

Hiyo "ila" ndiyo ninayotaka tuifundishe. Katika vitabu vya kufundishia wageni salamu huishia kwenye "nzuri" na mazungumzo yakahamia sokoni kununua nyanya. Mzungumzaji mwenyewe wa lugha anajua kwamba habari ya kweli huja baada ya "ila", "sema tu", au "tunasukuma hivyo hivyo". Kijana akisema "Sijambo, ila basi tu", mlango umefunguliwa kidogo. Mwenzake akijibu "Poa, tuonane", umefungwa tena. Akijibu "Ila nini, ndugu yangu?" na kusimama pale pale bila kutazama simu, kazi imeanza.

Yapo maneno mengine ya kusikiliza. "Nimechoka" ni neno la kila siku. Mtu huchoka kwa kuchota maji. Kinachobadilisha maana ni kinachofuata: "nimechoka na hesabu" si sawa na "nimechoka na kila kitu". Vivyo hivyo "ana taban" ya Kiarabu cha Juba, na "kalas", ambayo yaweza kuwa ya aliyemaliza chakula au ya aliyeona mwisho wa mambo yake yote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walichapisha mwaka 2018 utafiti ulioonyesha kwamba watu wenye mawazo ya kujiua hutumia zaidi maneno yasiyoacha nafasi, ya aina ya "daima", "kamwe", "hakuna hata mmoja", "kila mtu". Walichunguza Kiingereza, wala sishauri mwalimu aanze kuhesabu maneno hayo katika madaftari kama karani wa sensa. Nasema tu kwamba sikio la mwalimu wa lugha limeshafunzwa kusikia neno lililokaa mahali pasipo pake, na sikio hilo linaweza kutumika hapa.

Mwanafunzi wetu mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha alitoa zoezi la sentensi za masharti, -nge- na -ngali-. Msichana mmoja aliandika: "Nisingekuwepo, mama angepata ada ya wadogo zangu." Sentensi ni sahihi. Viambishi viko mahali pake, ukanushi umekaa vizuri, na ilipata alama ya vyema kwa wino mwekundu. Usiku, akijumlisha alama, mwalimu mwanafunzi yule aliisoma tena na usingizi ukampotea. Asubuhi alimwita msichana yule kando, chini ya mti, mahali ambapo wengine wanawaona lakini hawawasikii, akamwambia: "Sentensi yako ya tatu nimeisoma mara nyingi. Nataka kujua kama ni mfano tu au ni habari yako." Ilikuwa habari yake. Kwa wiki kadhaa alikuwa akijiona mzigo, na alikuwa amekwisha kumpa rafiki yake sare ya pili akimwambia hataihitaji. Rafiki alidhani anahama shule. Shangazi yake aliitwa siku hiyo hiyo. Sijui njia nyingine ya kueleza kwa nini insha na mazoezi yasomwe mara mbili, mara moja kwa kalamu na mara moja bila kalamu.

Kujiona mzigo kwa watu wa nyumbani, kama alivyojiona msichana yule, ni katika dalili nzito kabisa. Dalili zisizo za maneno zinajulikana na wengi, nitazipitia upesi: kujitenga na wenzake, kuacha mpira au kwaya aliyoipenda, kutolala au kulala mchana kutwa, kugawa vitu anavyovithamini, kuaga kwa namna isiyolingana na safari, kuanza kunywa pombe sana au kujitia katika hatari kama asiyejali, kutafuta kitu cha kujidhuru. Moja huwadanganya watu, nayo ni utulivu wa ghafla baada ya majonzi ya muda mrefu. Ndugu hushukuru kwamba amepona, kumbe wakati mwingine ametulia kwa sababu ameshaamua. Dalili moja peke yake si ushahidi, hasa kwa vijana, ambao hununa kwa mambo mengi. Dalili zikiwa mbili tatu, tena mpya, tena zimekuja baada ya pigo kama kufiwa, kufukuzwa shule kwa ada, mimba, kuozwa kwa nguvu au kufedheheshwa mbele ya watu, hapo rafiki asisubiri.

Neno lenyewe

Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Tunaogopa kwamba tukilitaja neno tutampandia mtu wazo. Hofu hiyo imechunguzwa. Mwaka 2005 Madelyn Gould na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa wanafunzi 2,342 wa shule za sekondari katika jimbo la New York: wale walioulizwa waziwazi kuhusu kujiua hawakuonekana kuwa na dhiki wala mawazo hayo zaidi ya wale ambao hawakuulizwa, na waliokuwa tayari na huzuni nzito walionekana kupata nafuu kidogo. Tafiti zilizofuata zimeelekea huko huko.

Kwa hiyo rafiki aulize, na aulize kwa neno lenyewe. Kiswahili kimetupa kitenzi kisicho na mapambo, ku-ji-ua, na kiambishi chake cha kujirejea kinafahamika hata kwa aliyeanza lugha mwezi uliopita. Tazama tofauti ya maswali haya. "Hufikirii mambo mabaya, sivyo?" Swali hili limekanushwa tangu mwanzo, limemwomba mwenzako aseme "hapana" ili wewe upumue. "Usije ukafanya ujinga" si swali kabisa, ni karipio. Sasa sikiliza hili: "Ndugu yangu, tangu juzi unasema umechoka na kila kitu, na leo umenipa kamusi yako. Nakuuliza bila kuzunguka: unafikiria kujiua?" Limetaja kilichoonekana, halikumhukumu mtu, na linaweza kujibiwa kwa "ndiyo".

Likijibiwa kwa "ndiyo", rafiki anyamaze kidogo na asikilize. Asiseme "jikaze". Neno hili lina kazi yake kwa mtu anayebeba gunia. Kwa huyu linamwambia kwamba kosa ni ulegevu wake. Asiseme "wenzako wana shida kuliko wewe", maana katika mji huu kila mtu anaweza kumtaja aliyemzidi kwa msiba, na yule aliyezidiwa hatapata nafuu kwa hesabu hiyo. Asianze na "ni dhambi". Padri, mchungaji na shehe wanaweza kuwa msaada mkubwa sana, lakini hukumu haifai kuwa sentensi ya kwanza. Sentensi ya kwanza iwe ya kawaida: "Nashukuru umeniambia. Niko hapa." Kisha aulize kama amekwisha panga lini na vipi. Akiwa na mpango, asiachwe peke yake hata kwa muda mfupi, na kitu chochote cha hatari kiondolewe karibu naye kwa msaada wa mtu mzima.

Siri

Karibu kila mara jibu la "ndiyo" hufuatiwa na "lakini usimwambie mtu". Hapa ndipo penye mtihani wa kweli wa kijana wa miaka kumi na sita. Tumemlea kwa methali kwamba siri ya mtungi aijuaye kata, na wenzake humcheka anayepeleka maneno kwa wakubwa. Akisema, anaogopa kupoteza rafiki na kuitwa mmbea. Asiposema, amebeba peke yake jambo ambalo hata muuguzi hapaswi kulibeba peke yake.

Ushauri wa wataalamu ni mmoja na hauna kona: siri ya namna hii haitunzwi. Lakini kuna namna ya kuivunja bila kumsaliti mtu, na namna hiyo ni ya lugha. Kijana afundishwe kusema: "Hilo siwezi kukuahidi. Nakuahidi kwamba tutakwenda wote, na wewe ndiye utakayechagua tumwambie nani kwanza." Mwenzake anabaki na uamuzi mkononi, na hakuna kilichosemwa nyuma ya mgongo wake. Wakienda, msemaji anaweza kuwa rafiki, maana mwenye maumivu mara nyingi hupotewa na sauti mbele ya wakubwa: "Mwalimu, huyu mwenzangu ana mawazo ya kujiua. Ameniruhusu nikuambie. Hatutaki aachwe peke yake leo."

Mtu mzima wa kwanza huenda akacheka, au akashika kiboko. Tusiwafiche vijana hilo. Akifanya hivyo, waende kwa wa pili: shangazi, mjomba, mwalimu mwingine, kiongozi wa dini, muuguzi wa kituo cha afya. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2008 mpango wa kuwafunza wahudumu wa kawaida wa afya kushughulikia magonjwa ya akili pale wasipokuwepo mabingwa, kwa hiyo hata kituo kidogo si mahali pa kudharau. Hatari ikiwa ya saa ile ile, hakuna kungoja kukuche. Waamshwe majirani, itafutwe raksha au bodaboda, na mgonjwa afikishwe hospitali iliyo karibu au Hospitali ya Mafunzo ya Juba akiwa na watu wawili, wala si na mmoja.

Naye rafiki atunzwe. Kijana aliyesikia maneno mazito kama hayo hulala nayo. Aulizwe naye usiku umepitaje, na aambiwe waziwazi kwamba kazi yake ilikuwa kusikia na kufikisha. Kuponya si kazi yake, na lolote litakalotokea baadaye si deni lake.

Tunavyosema darasani

Limebaki jambo linalotuhusu sisi wenyewe, walimu. Tunapotumia magazeti kufundishia, tutaona kwamba vichwa vya habari vya Kiswahili hupenda kutaja njia aliyotumia mtu kabla hata ya kutaja kwamba amekufa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa waandishi wa habari unaonya dhidi ya kutaja njia na mahali, kwa sababu wasomaji walio katika hali ile ile wanaweza kuiga. Zoezi zuri la mwaka wa pili ni kuviandika upya vichwa hivyo. Waonywe pia kuhusu "alifaulu kujiua" na "alishindwa kujiua", ambayo hukigeuza kifo kuwa mtihani na kunusurika kuwa kufeli. "Alikufa kwa kujiua" na "alijaribu kujiua akanusurika" zinatosha. Sheria tulizorithishwa na Waingereza katika eneo hili zilihesabu jaribio la kujiua kuwa jinai. Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakiuka katiba ya nchi hiyo. Lugha ya polisi bado imo vinywani mwetu tunaposema mtu "alikamatwa akijaribu".

Tena zipo riwaya. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 na Kichwamaji mwaka 1974. Katika zote mbili mhusika mkuu anajiua. Tunazisoma kwa haki, ni kazi kubwa. Ila tumezoea kumjadili Kazimoto kwa masaa mawili kama tatizo la falsafa, tukiandika "udhanaishi" ubaoni, kana kwamba hakuna anayesikiliza kutoka ndani. Katika darasa la watu arobaini huenda yupo. Sipendekezi vitabu hivyo viondolewe. Rosa Mistika iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania na marufuku hiyo haikuzuia watu kuisoma. Napendekeza kipindi hicho kiwe na swali moja la ziada: katika sura zipi Rosa au Kazimoto alisema, na ni nani aliyekuwapo akasikia? Wanafunzi huzipata kurasa hizo upesi. Kisha mwalimu aseme kwa sauti ya kawaida kwamba mwenye jambo linalofanana atamkuta ofisini baada ya kipindi, na awepo kweli.

Kuhusu istilahi nisiwachoshe. Tanzania husema "sonona", Kenya hupendelea "unyogovu", na kijana wa Lemon Gaba hasemi lolote kati ya hayo. Anasema ana stresi, au moyo umekuwa mzito. Tufundishe istilahi kwa ajili ya mtihani, tumsikilize yeye kwa maneno yake.

Mwenzetu akirudi darasani baada ya hospitali, wenzake hawajui waseme nini, na mara nyingi hunyamaza au humtazama kama mgeni. Asiulizwe maswali mbele ya watu. Amwekee mtu nafasi yake ya zamani kwenye dawati, ampe daftari lenye vipindi alivyokosa, amwambie tumefika kwenye vitenzi vya silabi moja. Na kesho yake, na wiki ijayo, na mwezi ujao, maana miezi ya kwanza baada ya jaribio ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, amwamkie tena. Akijibu "sijambo", asubiri kidogo kabla ya kuondoka.